Mkoba wa Eva: kisa cha shajara ya siri ya Victor Klemperer, Dresden 1933–1945

Katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, mwanamke mmoja wa Dresden, Ujerumani, mpiga piano aliyekuwa na umri wa miaka 60 hivi, alikuwa akifunga safari kwenda Pirna, mji mdogo ulio kando ya Mto Elbe, mwendo wa kilomita 20 hivi. Aliyempita njiani aliona bibi na mkoba wake, basi. Mkobani mlikuwa na karatasi zilizoandikwa na mume wake. Alizifikisha kwa rafiki yao, daktari Annemarie Köhler, zikafichwa huko, naye akageuza kurudi mjini. Laiti askari mmoja wa Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, angemwamuru aufungue mkoba ule, wangeangamia watu watatu kwa uchache: yeye, mumewe na daktari.

Mwanamke huyo ni Eva Klemperer. Anayejulikana duniani ni mumewe Victor, maana shajara ni yake. Kisa hiki husimuliwa sana kama kisa cha mtu mmoja na kalamu yake dhidi ya dola nzima. Hata mimi nilikipokea hivyo mwanzoni. Lakini kila ninapokirudia, naona kalamu ilikuwa upande mwepesi wa mzigo.

Victor alizaliwa mwaka 1881 katika mji wa Landsberg an der Warthe, ambao leo uko Poland. Baba yake alikuwa rabi. Mwana alibatizwa ukubwani akawa Mprotestanti, mwaka 1906 akamwoa Eva, binti wa Kijerumani asiye Myahudi, na mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akajitolea mwenyewe kwenda mstari wa mbele na kikosi cha mizinga. Mwaka 1920 akawa profesa katika chuo kikuu cha ufundi cha Dresden, akifundisha lugha zilizotokana na Kilatini, hasa fasihi ya Ufaransa ya karne ya 18. Ukimwuliza yeye ni nani, angekujibu: Mjerumani. Hilo alilishikilia hata walipokuwa wakimtemea mate. Katika mwaka mgumu kuliko yote, 1942, aliandika kwamba yeye ndiye Mjerumani, na kwamba anawangoja Wajerumani wenzake warudi kutoka huko walikojificha.

Kwa Wanazi, ubatizo wala medali ya vita havikubadili kitu. Walihesabu damu ya babu na bibi. Aprili 1933 ilitungwa sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma. Waliopigana mstari wa mbele walisamehewa kwa muda, kwa hiyo Victor akaendelea kufundisha madarasa yaliyozidi kupungua wanafunzi. Mwaka 1935 akaachishwa kazi.

Hapa pana jambo ambalo ni rahisi kulipita. Shajara haikuzaliwa ikiwa siri. Klemperer alikuwa na mazoea ya kuandika tangu ujana wake: nani alikuja kula, kitabu gani kimemchosha, mkewe anaumwa nini, mkopo wa nyumba utalipwaje. Hitler aliposhika madaraka Januari 1933, profesa hakukaa chini akaamua kuwa shahidi wa historia. Aliendelea na tabia yake ya siku zote, na nchi ndiyo iliyobadilika ikaizunguka tabia ile hadi ikawa kosa la kufia. Ndiyo maana kurasa za miaka ya mwanzo zimejaa manung'uniko ya nyumba waliyokuwa wakiijenga Dölzschen, kilimani nje kidogo ya mji, na baadaye gari kuukuu alilonunua mwaka 1936 likamtia wazimu kwa kuharibika. Msomaji asiye na subira atataka kuruka kurasa hizo. Asiruke. Maana kila kitu anachokilalamikia pale, nyumba, gari, maktaba, mashine ya taipu, paka, utakiona kikiondoka kimoja kimoja.

Desemba 1938 Wayahudi walinyang'anywa leseni za udereva. Gari likakwisha kazi. Mwezi huohuo maktaba ikamfungia mlango, naye alikuwa katikati ya kuandika historia ya fasihi ya Kifaransa. Tangu Januari 1939 kila mwanamume Myahudi alilazimishwa kuongeza jina Israel, na kila mwanamke Sara. Mei 1940 yeye na Eva wakatolewa katika nyumba yao wenyewe wakahamishiwa “nyumba ya Wayahudi”, yaani jumba ambamo familia kadhaa zilibanwa pamoja, jiko moja na choo kimoja, ili iwe rahisi kuwasimamia na kuwapekua. Mwaka 1941 alifungwa siku nane katika seli namba 89 kwa sababu dirisha moja halikuzibwa usiku, wakati wa amri ya giza iliyowekwa ili ndege za adui zisiuone mji. Siku ya nne hivi akapewa kipande cha penseli, na maelezo yake kuhusu penseli ile ni miongoni mwa mistari bora aliyopata kuandika: anasema aliishikilia akapanda nayo kutoka kuzimu kurudi duniani.

Septemba 1941 ikaja nyota ya njano, kushonwa upande wa moyo. Baada ya hapo hata kwenda dukani kulimtisha.

Tarehe 2 Juni 1942 alifanya kazi ya karani. Alikaa akaorodhesha amri zote zilizowabana Wayahudi wa Dresden alizoweza kuzikumbuka, akazipa namba; zikafika 31. Kutokuwa na redio. Kutokuwa na simu. Kutokwenda sinema, tamasha wala makumbusho. Kutonunua magazeti. Kutonunua maua. Kutokwenda kwa kinyozi. Kutokuwa na akiba ya chakula nyumbani. Kutopita bustani fulani, hata njia zinazopakana nazo. Kununua vitu dukani kwa saa moja tu kwa siku. Kusalimisha baiskeli, mablanketi ya sufu, viti vya kukunja vya kupumzikia, mbwa, paka, ndege. Halafu akamaliza kwa kusema kwamba zote 31 zikiwekwa pamoja si kitu mbele ya hofu ya kila saa ya kupekuliwa, kupigwa, kufungwa, na kufa kwa mikono ya watu.

Neno “paka” katika orodha ile si mfano tu. Wiki mbili kabla yake, Klemperer na mkewe walikuwa wamempeleka paka wao, Muschel, kwa daktari wa mifugo akauawe, maana amri ilikataza kumpa mtu mwingine, na kumsalimisha kulimaanisha kifo kibaya zaidi. Wapo wasomaji wanaouliza, hivi kweli kulia kwa ajili ya paka wakati majirani wanapakiwa kwenye treni? Klemperer alijua swali hilo litakuja. Jibu lake aliliandika Aprili 1944: kwamba si mambo makubwa yanayomhusu yeye, bali maisha ya kila siku chini ya udhalimu, ambayo yatasahauliwa. “Kuumwa na mbu mara elfu ni vibaya kuliko pigo moja kichwani. Mimi naangalia na kuandika kuumwa na mbu.”

Sisi tunaolala ndani ya chandarua tunaisikia kauli hiyo kwa sikio jingine. Mbu wa Dresden anawasha tu. Wa kwetu anaacha kitu ndani ya damu, na homa inakuja siku kumi baadaye mtu ameshamsahau aliyemuuma. Nadhani mbu wetu ndiye anayeueleza vizuri zaidi udhalimu ule kuliko mbu wa profesa mwenyewe. Na kwa kweli mwenyewe alifika karibu na wazo hilo alipoanza kuchunguza maneno.

Maktaba ilipofungwa, fasihi ya karne ya 18 haikuwezekana tena. Mtaalamu wa lugha akabaki na chombo kimoja tu cha utafiti ambacho hakuna amri iliyoweza kukichukua: sikio lake. Akaanza kuokota maneno. Aliyatoa kwenye matangazo ya vifo, kwenye hotuba zilizotoka kwa vipaza sauti barabarani, kwenye vichwa vya magazeti yaliyofungia viazi, na kwa wafanyakazi wenzake kiwandani. Aliona jinsi neno lenye maana ya “mshupavu aliyepofuka” lilivyogeuzwa kuwa sifa njema, hata mtu akaitwa mshupavu kwa kumsifia uaminifu. Aliona jinsi neno “taifa” lilivyobandikwa mbele ya kila kitu kama chumvi inayotiwa kila chungu. Aliona watu wakisema fulani “amechukuliwa” au “amehamishwa”, na kila mmoja akijua maana yake. Maneno, aliandika, yanaweza kuwa kama dozi ndogo ndogo za sumu ya aseniki: unayameza bila kuhisi, na baada ya muda sumu inafanya kazi. Wanaokumbuka Rwanda ya 1994, ambako kuua kuliitwa “kufanya kazi”, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Katika shajara aliupa utafiti huo herufi tatu, LTI, kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya lugha ya Dola ya Tatu, yaani utawala wa Wanazi. Ilikuwa mzaha, maana Wanazi wenyewe walipenda vifupisho kupita kiasi. Ilikuwa pia kificho: mpekuzi akiona LTI pembeni mwa ukurasa, hatajua ni nini.

Lakini kificho cha herufi tatu kisingemwokoa. Mwandiko ulikuwa wazi, tarehe ziko wazi, na majina ya watu yako wazi.

Misako ya 1942 haikuwa ya kistaarabu. Wakazi wa nyumba za Wayahudi waliwapa wapekuzi wawili majina: mmoja Mtema Mate, mwingine Mpigaji. Walivunja vyombo, wakamwaga vyakula, wakala walichotaka, wakawapiga vibao wazee. Eva naye alipigwa, kwa kosa la kuwa Mjerumani aliyeng'ang'ania kuwa mke wa Myahudi. Katika msako mmoja walikuta kitabu cha Alfred Rosenberg, mwananadharia wa chama chao wenyewe, ambacho Klemperer alikuwa akikisoma kwa ajili ya utafiti wake. Wakampiga nacho kichwani: Myahudi anathubutuje kukisoma? Kurasa za shajara zilikuwa ndani ya nyumba ileile, zimechomekwa katikati ya vitabu. Hawakuziona. Katika jambo hili bahati ilifanya kazi kubwa kuliko werevu, na ni vizuri kukiri hivyo kuliko kumtungia profesa ujanja asiokuwa nao.

Ndiyo maana Pirna ilikuwa ya lazima. Kurasa hazikuweza kukaa nyumbani zaidi ya muda mfupi. Victor mwenyewe hakuruhusiwa kutoka nje ya Dresden. Eva aliruhusiwa, maana kwa sheria yao alikuwa “Mwaria”, yaani asiye na damu ya Kiyahudi. Kwa hiyo kila karatasi iliyobaki ilibaki kwa miguu yake. Na huko ilikokwenda hakukuwa mahali pa amani: katika jengo la Sonnenstein, mjini Pirna, utawala uleule uliwaua kwa gesi wagonjwa wa akili na walemavu zaidi ya 13,000 mwaka 1940 na 1941. Daktari Köhler alikuwa akiweka sanduku la ushahidi ndani ya mji ambao udaktari wenyewe ulikuwa umegeuzwa kuwa uchinjaji.

Ukiwa na ndoa kama ile, mke ndiye pumzi ya mume. Wayahudi wa Dresden wasiokuwa na mke au mume “Mwaria” walianza kusafirishwa mapema 1942 kwenda Riga, wengine baadaye kambi ya Theresienstadt, na Machi 1943 karibu watu 300 wakapelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz. Eva angekubali talaka, na alishinikizwa kama walivyoshinikizwa wanawake wote wa hali yake, Victor angeingia kwenye treni inayofuata. Angekufa kwa ugonjwa, mambo yangekuwa yaleyale. Badala yake alikula njaa ya mumewe, akaishi katika chumba cha mumewe, akaenda kutafuta viazi saa ambazo mumewe hakuruhusiwa kuonekana barabarani.

Je, mwandishi alikuwa na haki ya kuwatia hatarini watu wengi kiasi kile? Hilo ndilo swali ninaloliona gumu kuliko yote katika kisa hiki, na silipati likijadiliwa vya kutosha. Shajara ilitaja nani alisikiliza redio ya adui na kumpa habari. Nani alimwongezea mboga kwa siri. Nani, kati ya Wajerumani wapita njia, alivuka barabara makusudi kuja kumshika mkono mwenye nyota. Kila jina lililoandikwa kwa shukrani lingeweza kuwa hati ya kifo. Klemperer alilijua hilo. Analirudia mara nyingi: mara anasema ni wajibu, mara anasema ni ubatili na majivuno ya mtu wa vitabu, mara anaogopa kwamba atawaua Eva na Annemarie kwa ajili ya karatasi ambazo pengine hakuna atakayezisoma. Halafu kesho yake anaandika tena. Tarehe 27 Mei 1942 alikata shauri kwa maneno haya: “Nitaendelea kuandika. Huo ndio ushujaa wangu. Nataka kutoa ushahidi, ushahidi sahihi kabisa!”

Neno la kushika hapo ni “sahihi”. Angeweza kuandika bila majina, bila tarehe, kwa mafumbo. Watu wachache wangekuwa hatarini. Lakini shajara ya namna hiyo isingekuwa na thamani mahakamani wala mbele ya historia, na yeye alikuwa mtu wa tanbihi, hawezi kuandika “mtu fulani alisema”. Uamuzi wangu, kama msomaji ninayekaa salama, ni kwamba alikosea kwa majina na akapata kwa mengine yote. Angetumia herufi moja moja. Shajara haikukamatwa, kwa hiyo hakuna aliyeadhibiwa kwa sababu yake. Ila kutokukamatwa si hoja.

Usahihi uleule hakuuonea haya hata ulipomgeukia mwenyewe. Kwa sababu ya njaa alikuwa akidokoa mkate na sukari ya mama mmoja waliyeishi naye nyumba ile, akaandika. Mwenzake akichukuliwa, hisia ya kwanza iliyomjia wakati mwingine ilikuwa ahueni kwamba si yeye. Akaandika hiyo pia.

Na alisikia nini? Baada ya vita wengi walisema hawakujua. Mtu huyu hakuwa na redio, gazeti wala simu, na alikatazwa kupanda tramu isipokuwa kwenda kazini. Machi 1942 tayari anaandika jina Auschwitz, akilitaja kama kambi ya kutisha kuliko zote. Aprili anaandika habari za mauaji ya halaiki ya Wayahudi huko Kiev. Oktoba anaiita Auschwitz machinjio yanayofanya kazi haraka. Habari hizo alizipata jikoni, kwenye foleni, kwa mafundi, kwa askari waliorudi likizo. Kama zilimfikia yeye aliye chini kabisa ya kisima, ziliwapita wangapi kwanza?

Tangu 1943 alilazimishwa kufanya kazi viwandani, kwanza kufungasha chai ya majani ya dawa, baadaye kazi za karatasi na maboksi. Alikuwa na miaka zaidi ya 60 na moyo mbovu. Ili apate muda wa shajara, aliamka saa tisa na nusu usiku akaandika ya jana kabla ya kwenda zamu.

Asubuhi ya tarehe 13 Februari 1945 alipewa kazi ya kusambaza barua. Kwa Wayahudi wa mwisho wa Dresden, waliokuwa wamebaki chini ya 200, barua zilisema wenye uwezo wa kufanya kazi waripoti siku tatu baadaye na mzigo mdogo kwa “kazi nje ya mji”. Kila aliyepokea alielewa. Jina la Victor halikuwemo, lakini hakudanganyika. Alijiona yuko kwenye kundi litakalofuata. Usiku ule ndege za Uingereza zikaja, na mji ukawaka. Walikufa watu wapatao 25,000. Aliingia katika moto ule na begi la kijivu lenye maandishi na vito vya Eva, akajeruhiwa karibu na jicho, akapotezana na mkewe. Walikutana asubuhi kwenye baraza la juu ya mto. Eva akachukua kisu kidogo akaikata nyota kutoka kwenye koti la Victor.

Kwa kitendo hicho peke yake adhabu ilikuwa kifo. Lakini faili za Gestapo zilikuwa zimeteketea, na barabara zimejaa maelfu ya waliounguliwa nyumba wasiokuwa na hati. Wakatembea pamoja nao. Walijificha kwanza kwa aliyewahi kuwa mtumishi wao kijijini, kisha kwa mfamasia rafiki yao mjini Falkenstein. Huko, kwenye hati, Klemperer akawa Kleinpeter: kwa mwandiko wa mkono, nukta moja inaigeuza m kuwa in, na mkwaju mmoja unaigeuza r kuwa t. Hatimaye walifika kijiji kimoja cha Bavaria, na Wamarekani wakawakuta huko. Juni 1945 walirudi Dresden kwa miguu na kwa malori ya kudandia, wakapanda kilima cha Dölzschen na kuingia katika nyumba yao. Kurasa zilikuwa salama Pirna.

Shajara yenyewe hakuichapisha. Alitoa humo maelezo ya lugha, akayafanya kitabu kilichotoka mwaka 1947 kwa jina la herufi zile tatu, LTI. Alifariki Februari 1960. Shajara ya 1933–1945 ilichapishwa mwaka 1995, juzuu mbili zenye kurasa zaidi ya 1,500, na Wajerumani wakainunua kwa wingi usiotarajiwa.

Kitabu cha 1947 kinaanza na neno “ushujaa”, lilelile la Mei 1942, sasa likiwa limetolewa kwake na kupewa watu wengine. Klemperer anauliza ushujaa wa kweli aliuona wapi katika miaka ile 12, na anajibu: kwa wake wachache “Waaria” waliokataa kuwaacha waume zao, waliotukanwa bila watazamaji, bila bendera, bila kutarajia sifa. Na mbele ya hayo yote ameweka barua fupi kwa Eva, ya Krismasi 1946, akimwambia kwamba bila yeye kitabu hicho kisingekuwepo leo, na mwandishi wake asingekuwepo tangu zamani.